Bibi Bendera na pipa la katikati

Saa kumi na mbili na robo asubuhi. Taa za nje za nyumba bado zinawaka, jogoo wa nyumba ya pili ameshachoka kuwika, na Bibi Bendera ameinama katikati ya barabara kama mtu aliyedondosha sindano. Anatafuta mstari wa chaki.

Aliuchora mwenyewe jana jioni, kuzunguka kitako cha pipa. Mstari anauona. Pipa ndilo halipo. Limesukumwa mpaka kwenye ukuta wa nyumba yenye geti jeusi, na pengo lililobaki linatosha gari kupita bila hata kukunja kioo cha pembeni.

"Haya! Jua lenyewe halijatoka, wao wameshatoka," anasema, huku akiweka bendera yake nyekundu juu ya ukuta. Anakaza kitenge kiunoni, anaegemeza bega kwenye pipa na kulisukuma. Mwandishi wa makala haya anaona aibu kusimama na kalamu mkononi, naye anasukuma.

Kabla pipa halijafika mahali pake, taa za gari zinawamulika. Dereva anateremsha kioo na kutoa kichwa.

"Mama, samahani, niache nipite mimi huyu mmoja tu."

"Huyo mmoja ndiye baba wa mia, mwanangu. Rudi nyuma, uzunguke."

Dereva anasema maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa, anarudi kinyumenyume kwa hasira na kukwaruza ukingo wa mfereji. Bibi Bendera anamtazama mpaka anapopotelea kwenye kona, kisha anapangusa jasho la shingo.

"Leo ndiyo siku yenyewe," anasema. "Leo jioni wakazi wanakutana. Wakisema mapipa yaondoke, yanaondoka. Nimelala nikigeuka kama samaki kwenye kikaango."

Bibi Bendera ana miaka hamsini na minane. Jina hilo alipewa na watoto wa chekechea, nalo limemganda kiasi kwamba hata muuza duka anamwandika hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa mfagiaji wa shule iliyo katikati ya mtaa huu. Sasa kazi yake ni kuvusha watoto barabara, asubuhi na mchana. Wazazi wanachanga, na anachopata kwa mwezi hakizidi bei ya jozi mbili za viatu vya shule. Vikichakaa viatu vyake yeye, anasema, hiyo ni habari nyingine.

Mtaa wenyewe ni wa kawaida: kuta, mageti, kamba za nguo, duka moja, saluni moja. Bahati mbaya yake ni kwamba umelala katikati ya barabara kuu mbili. Mwenye haraka akiona foleni kwenye taa za barabarani anakata kona, anapita hapa kwa kasi, na kutokea ng'ambo akijiona mjanja.

Zamani njia hiyo ilijulikana kwa madereva wachache tu. Kisha zikaja simu zinazosema.

"Yule dada wa kwenye simu," anasema Bibi Bendera, na hapo uso wake unakunjamana. "'Pinda kushoto. Pinda kushoto.' Nikimpata huyo dada nitamwuliza swali moja tu: mwenzangu, una watoto wewe?"

Lilikuwepo tuta moja. Mvua na malori ya mchanga vililimaliza. Kikawekwa kibao cha kuomba mwendo wa pole, nacho kikagongwa na gari lililokuwa na mwendo usio wa pole. Ndipo ofisi ya barabara ilipokubali kufanya jaribio: mdomo wa mtaa ufungwe kwa mapipa matatu yaliyojaa mchanga, wanaoishi hapa watumie upande mmoja tu, wapita njia wabaki kwenye barabara zao kuu. Baada ya miezi mitatu, wakazi wataulizwa. Wakiridhika, mapipa yatapisha vigingi vya kudumu na tuta pana la kuvukia mbele ya shule. Wasiporidhika, kila kitu kirudi kama kilivyokuwa.

Miezi hiyo mitatu inaisha leo.

Wengi wanadhani Bibi Bendera anahangaika kwa sababu ya kibarua chake. Kwa kibarua chake, vigingi vikijengwa ndipo atakosa kazi. Anajua hivyo, na anavitaka vijengwe.

Anachohangaikia kinatoka nyumbani saa moja kamili, kimevaa sweta ya shule yenye kofia, na kinatembea kwa kurukaruka. Ni mjukuu wake wa kike, wa miaka saba. Watoto wenzake wanamwita Macho, kwa sababu hakuna kinachompita bila kukiona. Hasikii. Alizaliwa hivyo.

Shule hii ina darasa la watoto viziwi, na ndiyo maana familia ilihamia mtaa huu. Walitafuta chumba karibu ili mtoto asipande gari. Kumbe magari ndiyo yangemfuata.

"Dereva akishapiga honi anajiona ameshalipa," anasema Bibi Bendera. "Hagusi breki. Anasema mwenyewe moyoni, mimi nimempigia, asipotoka shauri yake. Sasa Macho utampigia honi ya nini? Piga hadi betri ife."

Watu humwambia ajali haina kinga. Akisikia hivyo anapandisha pumzi.

"Nani kasema haina? Kinga yake iko pale chini karibu na mguu wa kulia. Ni kukanyaga tu."

Amemfundisha mjukuu wake njia yake mwenyewe ya kuvuka. Macho hatazami uso wa dereva. Dereva, anasema, anaweza kukutazama na kukuchekea huku anakuja. Anatazama tairi la mbele. Tairi likipunguza kasi, ataona. Likisimama kabisa, ataona. Na wana ishara yao ya nyumbani, nje ya zile za darasani: ngumi inayozunguka ni gari linalokuja, ngumi iliyotulia ni gari lililosimama. Bila ngumi kutulia, mguu hautoki.

Leo asubuhi Macho anamfikia bibi yake, anaangalia pipa, anaangalia mstari wa chaki, na kuzungusha ngumi haraka haraka. Ameshajua kwamba pipa lilihama.

"Huyu huwezi kumficha kitu," bibi anasema, na kumfunga vizuri kamba za kofia.

Kuhama kwa pipa kuna historia yake. Ni historia ya kuchekesha hadi pale inapoacha kuchekesha.

Siku ya kuyajaza mapipa, wakazi walitoka wote na makoleo. Mapipa ya pembeni yalijazwa hadi juu, na watoto wakapanda maua. Walipofika la katikati, jirani mwenye geti jeusi, mzee mstaafu ambaye mkewe anaumwa moyo, akauliza swali la haki kabisa. Mke wangu akizidiwa, gari la wagonjwa litapita wapi?

Watu wakaangaliana. Mwishowe wakakubaliana kiungwana: pipa la katikati lijazwe nusu tu, ili hata mtu mmoja aweze kulisukuma akitokea mgonjwa. Injinia wa ofisi ya barabara alikuwa ameshaondoka. Hakuna aliyemwambia.

"Ee bwana," anasimulia Bibi Bendera, akipiga makofi mara moja, "mtaa mzima ukaugua. Kesho yake huyu kachelewa ofisini, ni mgonjwa. Yule ana mzigo wa duka, ni mgonjwa. Kuna mmoja alisukuma pipa eti kasahau chaja. Na akishapita, pengo anamwachia nani? Anayerudisha ni mimi. Mimi na kiuno changu."

Anacheka, halafu kicheko kinakatika. Anaangalia upande wa nyumbani kwake, ambako geti la bati limefunguka na teksi nyeupe inatoka taratibu, ikielekea upande wa mbali, ule unaoruhusiwa. Dereva anampungia mkono. Anampungia pia, bila tabasamu.

"Yule ni mwanangu," anasema. "Baba yake Macho. Twende ndani, nitakwambia jambo. Lakini usiliandike mpaka mkutano upite. Hilo nakuomba kama mama yako."

Chumba cha mbele kina makochi mawili, cherehani iliyofunikwa kwa shuka, na picha ya harusi ya mwanawe iliyoegemezwa kwenye redio. Mkwewe ameshakwenda kazini, anafua mashuka hospitalini. Bibi Bendera anamimina chai, kisha anaisahau.

Mchana mmoja, siku chache zilizopita, kulikuwa na manyunyu. Watoto walikuwa wanatoka darasani. Siku hizo, kwa kuwa mtaa umefungwa, alikuwa ameanza kumwacha Macho atangulie peke yake nyumbani. Ni hatua chache tu, na mapipa yapo. Yeye akabaki getini anamfunga mtoto mmoja kamba za kiatu.

Akasikia honi. Mara ya kwanza. Mara ya pili. Mara ya tatu ndefu, ile ya matusi.

"Nikajua. Mtoto anayesikia hapigiwi honi tatu."

Aliacha kiatu, akakimbia. Macho alikuwa katikati ya barabara, kofia kichwani, mgongo kwa gari, ameinama kuokota chupa yake ya maji. Breki zililia mwishoni kabisa. Tairi la mbele lilisimama juu ya chupa, na maji yakaruka hadi kwenye soksi za mtoto. Ndipo Macho alipogeuka.

Teksi ilikuwa nyeupe. Dereva alikuwa ameganda, mkono bado uko juu ya honi.

"Hakumjua," Bibi Bendera anasema kwa sauti ya chini. "Kwa nyuma, na ile kofia, watoto wote ni wamoja. Alikuwa anampigia honi mtoto wa watu, anaudhika mtoto wa watu hatoki. Mtoto akageuka. Akaona ni wake."

Abiria aliyekaa nyuma alisema jambo moja tu: twende basi, nachelewa.

Bibi Bendera alimwuliza mwanawe amepitaje, ilhali mtaa umefungwa. Alitazama upande wa mapipa, na mama yake akaelewa. Aliyelisukuma pipa la katikati mchana ule ni yeye. Hata alfajiri amekuwa akilisukuma karibu kila siku, kukwepa foleni, na mama yake nyuma anarudisha.

"Kikulacho ki nguoni mwako. Nilikuwa nawalaani watu nisiowajua, kumbe namlaani niliyemnyonyesha." Anafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Na mimi je? Nilimwacha mtoto kwa kuliamini pipa. Nani mwenye akili anaamini pipa?"

Tangu siku hiyo, mwanawe anazunguka. Hajamwambia mtu, wala mama yake hajasema. Nyumbani wanakula, kila mmoja ameinamia sahani yake. Macho anawatazama mmoja baada ya mwingine, kisha anaendelea kula.

Sasa tatizo ni hili. Wanaotaka mapipa yaondoke wana hoja moja nzito: hayafanyi kazi, watu wanayasogeza, tunajisumbua bure. Bibi Bendera akisimama kusimulia yaliyompata Macho pengo lilipoachwa wazi, atamtaja mwanawe. Akinyamaza, mapipa yanakwenda.

"Uchungu wa mwana," anasema, na methali hiyo haimalizi. Chai imepoa na utando umetanda juu yake.

Saa kumi jioni mkutano unaanza kwenye darasa la chekechea. Hakuna viti vya watu wazima. Wenye nyumba, wapangaji na mwenye duka wamekaa kwenye viti vya plastiki vya watoto, magoti yamewafika kidevuni. Dada wa saluni anasema kwa sauti kwamba akikwama humo watamkata na kiti chake. Watu wanacheka kidogo, kicheko cha watu wenye wasiwasi.

Injinia wa ofisi ya barabara, kijana mwenye kizibao cha rangi ya chungwa, anaeleza kwa kifupi. Akitoka hapa ataandika pendekezo moja kati ya mawili. Hataki maneno mengi.

Maneno yanakuja mengi. Mwenye duka anasema kuzunguka kunamla mafuta. Mwingine anasema mtaa umetulia, usiku analala. Dada wa saluni anasimama, na kiti kinasimama naye.

"Tuseme ukweli jamani. Sisi tukizuiwa hapa, tunakatiza mtaa wa pili, kule nako kuna watoto. Mkuki kwa nguruwe mtamu, ee?"

"Na wewe unakatiza?"

"Mimi sina gari! Nikiwa nalo nitakatiza, ndiyo maana nasema."

Mzee wa geti jeusi anangoja wanyamaze. Anaongea polepole, kofia mikononi.

"Mimi sina ugomvi na watoto. Nina mgonjwa. Tulikubaliana lile pipa ni kwa ajili ya mgonjwa. Mkalifanya mlango wa kila mtu. Kama halizuii magari, na mgonjwa wangu linamchelewesha, lina faida gani? Liondoeni."

Darasa linakubaliana naye kwa minong'ono. Injinia, aliyekuwa hajui habari za nusu pipa, anawatazama kama mwalimu aliyekuta madawati yamechongwa majina.

"Kumbe lina nusu?" anauliza. "Nani analisogeza?"

Mtu mzima kwenye kiti cha mtoto hana pa kuficha uso. Wengine wanaangalia picha za wanyama ukutani. Bibi Bendera amekaa mstari wa mbele, bendera mapajani, ameikunja hadi imekuwa ngumi. Anafungua mdomo. Anaufunga.

"Mimi."

Sauti inatoka mlangoni. Mwanawe amesimama pale, ufunguo wa teksi mkononi, hajaingia kukaa.

"Si mimi peke yangu, lakini hao wengine watajisemea. Mimi nalisukuma. Alfajiri, nikiwahi abiria. Nyuma yangu mama yangu analirudisha, na mimi najua analirudisha, na kesho nasukuma tena."

Kisha anaeleza habari ya honi. Hapambi. Anasema alivyokasirika, alivyomtukana yule mtoto moyoni, na alivyoongeza honi ya tatu badala ya kukanyaga breki. Anasema mtoto aligeuka. Hapo anageuza ufunguo mkononi. Mwanamke mmoja nyuma anasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya kunong'ona, maana Macho anajulikana na kila mtu mle ndani.

"Basi ni hivyo," anamaliza. "Alikuwa wa kwangu."

Mzee wa geti jeusi anageuka na kiti chake.

"Na wewe, baada ya hayo, unataka mapipa yatoke au yabaki?"

"Yabaki, mzee. Na lile lijazwe. Lijazeni mpaka juu. Mimi najijua. Leo nina uchungu, nazunguka. Uchungu ukipoa, siku abiria akinipigia kelele, nitalisukuma tena. Likiwa zito sitaweza hata nikitaka."

Mtu anaweza kutegemea mengi kwenye mkutano wa wakazi, lakini si mtu mzima kuomba afungiwe njia.

"Na mgonjwa wangu?"

"Teksi yangu inalala nyumba ya tatu kutoka kwako. Gonga saa yoyote. Nitampeleka kwa kuzunguka, sitaki nauli."

"Kwa honi hizo hizo?"

Hapo watu wanacheka, na yeye mwenyewe anajikuta anacheka, macho yamelowa. Bibi Bendera hacheki. Anamtazama mwanawe kama anayemwona baada ya safari ndefu.

Injinia anaomba mikono. Wanaotaka mapipa yabaki na vigingi vijengwe ni wengi. Wasiotaka ni wachache, lakini wapo, na mwenye duka ni mmoja wao. Mzee wa geti jeusi hanyooshi mkono upande wowote. Anavaa kofia yake na kutoka.

"Mimi napendekeza tu," Injinia anamwambia Bibi Bendera mlangoni. "Wakubwa ndio wanaoamua, na fungu la pesa likipatikana. Usinishikilie mama, inaweza kuwa mwezi ujao, inaweza kuwa mwakani."

"Mwakani!" anasema Bibi Bendera. "Mtoto atakuwa na miaka minane."

Kabla giza halijaingia, mwanawe na majirani kadhaa wamefika kwenye pipa la katikati na makoleo. Makoleo wanayo, mchanga ndio hawana. Wamesimama wakishauriana wautoe wapi, geti jeusi linapofunguka na yule mzee anatoka akisukuma toroli.

"Ulikuwa mchanga wangu wa ujenzi," anasema, hamtazami mtu. "Unaota majani tu pale uani. Lakini roho yangu haijatulia, mjue. Nikigonga usiku na mlango usifunguliwe, nitalimwaga lote hili kwa mikono yangu."

"Utafunguliwa, mzee," anasema dereva wa teksi.

"Haya. Shika koleo."

Mwandishi alirudi Jumatatu. Pipa la katikati lilikuwa juu ya mstari wa chaki, limejaa mpaka juu, na mtu alikuwa amechomeka mche wa ua ambao bado haujaamua kama utaishi. Ubavuni lilikuwa na mkwaruzo mpya na alama ya rangi ya bluu. Kuna aliyejaribu.

"Watajaribu," Bibi Bendera alisema. "Jana usiku pikipiki ilipita juu ya njia ya miguu. Bado sijalala vizuri, nisikudanganye. Kila nikisikia injini nakaa kitandani."

Macho hajaachiwa tena kutangulia. Hata hivyo, asubuhi hiyo bibi yake alikuwa na mpango. Alitaka mtoto avuke peke yake, mara moja tu, na yeye akiwa hapo hapo, bendera ikiwa chini. Siku tuta likijengwa, alisema, kitambaa hiki chekundu atakikata amshonee Macho mfuko wa madaftari, na yeye arudi kufagia kama shule itamtaka. Lakini mtoto lazima ajue kuvuka kabla ya tuta, kwa sababu kuna mitaa mingine na hakuna bibi wa kila mtaa.

Macho alisimama ukingoni. Kutoka upande wa nyumbani teksi nyeupe ilikuja, taratibu sana, ikielekea njia ya mzunguko. Dereva alimwona bintiye akapunguza mwendo zaidi. Alimtabasamia. Akampungia mkono kwamba apite, apite tu.

Macho hakumtazama usoni. Aliinamisha kichwa na kukazia macho tairi la mbele, lililokuwa bado linajizungusha kidogo kidogo. Ngumi yake ilikuwa inazunguka. Hakutoa mguu.

Baba yake akaelewa. Akakanyaga breki hadi mwisho, gari likatulia kabisa, na nyuma ya kioo akainua ngumi yake juu ya usukani, imetulia. Ndipo mtoto alipotuliza ya kwake na kuvuka, bila kukimbia, hadi kwenye geti la shule.

Bibi Bendera alikuwa ameing'ata ncha ya kitenge chake. Aliiachia alipoona sweta imeingia ndani ya geti.

"Umeona?" alisema. "Hata kwa baba yake anangoja tairi lisimame."